Kabla ya kuamini wanaoiponda albamu, isikilize Pinkerton

Albamu mpya ikiachiwa siku hizi, hukumu hutangulia masikio. Wimbo wa tatu haujaisha, watu wameshagawa nyota mitandaoni, na wewe ambaye hujaifungulia kabisa unajikuta una msimamo tayari. Mimi ni mtu wa roki mbadala ya miaka ya 1990, na kila anayeniuliza namna ya kusoma maoni ya wachambuzi bila kuyumbishwa nayo, namtuma kwenye albamu moja: Pinkerton ya Weezer. Aisikilize mwanzo hadi mwisho, ndipo atafute ilivyopokewa.

Weezer ni bendi ya Los Angeles. Albamu yao ya kwanza, ile yenye jalada la buluu ya mwaka 1994, ilitayarishwa na Ric Ocasek wa bendi ya The Cars na ikauza mamilioni. Magitaa yalikuwa mazito lakini yamenyooshwa, viitikio vinashika haraka, utani haukosekani. Baada ya mafanikio hayo mwimbaji wao, Rivers Cuomo, akaenda kusoma chuo kikuu cha Harvard. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kurefusha mguu mmoja uliokuwa mfupi, akawa anajikongoja kwa fimbo katikati ya vijana wasiomjua. Upweke huo ndio ulioizaa Pinkerton. Alikuwa na mpango wa kutunga opera ya roki kuhusu safari ya angani, akauacha. Jina akalitoa kwa ofisa wa jeshi la majini katika opera ya Madama Butterfly ya Puccini, yule Mmarekani anayemwoa binti wa Kijapani kisha akamtelekeza. Na safari hii bendi haikumtafuta prodyuza wa nje, ilijisimamia yenyewe.

Matokeo yake unayasikia sekunde za mwanzo tu. Wimbo wa kwanza unaingia na sauti nzito ya sintesaiza (kinanda cha umeme) inayokwaruza, kisha ngoma zinapigwa kana kwamba ziko chumba kimoja na wewe, na Cuomo anapiga kelele mahali ambapo kwenye albamu ya buluu angeimba kwa adabu. Ukiwa na spika ndogo za simu utadhani kifaa kimeharibika. Kwa hiyo tumia hedifoni, na usiruke nyimbo. Mambo yote ni dakika 34, nyimbo 10. Ule wa mwisho ni gitaa la kawaida na sauti ya mtu aliyechoka, na uzito wake unaupata tu ukiwa umepitia makelele ya zile tisa zilizotangulia.

Ilitoka tarehe 24 Septemba 1996 na ikafika nafasi ya 19 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani. Kwa bendi changa hiyo ni sherehe. Kwa Weezer ilionekana msiba, maana wote walikuwa wanasubiri albamu ya buluu namba mbili. Hapa ndipo ushauri wangu mkuu ulipo. Ukisoma maoni ya siku za mwanzo, jiulize mwandishi alikuwa anatarajia nini. Mara nyingi anapima pengo kati ya alichokitaka na alichopewa, na muziki wenyewe hajaugusa. (Kana kwamba hayo hayatoshi, kampuni ya ulinzi ya Pinkerton nayo ilikwenda mahakamani kuwazuia wasitumie jina hilo. Jaji akaitupa kesi.)

Jambo la pili: nenda kwenye maandishi yenyewe. Utasikia ikisemwa kwamba jarida la muziki la Rolling Stone liliitangaza kuwa albamu mbovu kuliko zote za 1996. Sivyo. Waliopiga kura ni wasomaji wa jarida, nao waliiweka ya tatu kwa ubovu. Mhakiki wa jarida aliyaona mashairi kuwa ya kitoto, ila wimbo wa mwisho aliusifu. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini hadithi fupi ndiyo inayosafiri.

Aliyeumia zaidi ni Cuomo mwenyewe. Alikuwa ameanika faragha zake, akaona kama kachekwa. Mpiga besi Matt Sharp akaondoka mwaka 1998. Bendi iliporudi 2001 ilimwita tena Ocasek, ikatoa albamu fupi, nadhifu, isiyofichua chochote, na kwenye mahojiano Cuomo akaisema vibaya Pinkerton. Kama wewe ni msanii, soma sehemu hii mara mbili. Kwa maoni yangu hakuandika tena kwa uwazi ule.

Huku nyuma vijana walikuwa wakipeana albamu hiyo kupitia intaneti na kuanzisha bendi zao kwa kuiiga. Mwaka 2002 wasomaji wa Rolling Stone, jarida lile lile, waliipa nafasi ya 16 kati ya albamu bora za wakati wote. Mwaka 2010 bendi ikazunguka ikiipiga nzima jukwaani, na 2016 albamu ikatunukiwa platinamu Marekani (tuzo ya mauzo ya nakala milioni moja), miaka 20 baada ya kutoka.

Sasa usije ukadhani waliochelewa ndio wenye haki yote. Sifa za leo nazo zina kelele zake. Kuna wimbo unaoanza kwa piano, uliotokana na barua ya shabiki wa kike kutoka Japani, na jinsi Cuomo anavyomuwazia binti huyo haipendezi. Tabia ya kuwatamani wanawake wa Asia kama picha inajirudia albamu nzima, na waliolalamika juu yake wana hoja. Mimi naupenda mno muziki wa wimbo ule, maneno yake yananikera, na sijaona sababu ya kuchagua kimoja.

Ukitaka pa kuanzia, anza na The Good Life, ule wa mtu aliyechoka kukaa ndani na fimbo yake. Ukikushika, rudi wimbo wa kwanza.