Mechi za Ijumaa Tulianza Kuzishinda Januari

Mwezi uliopita kijana mmoja kutoka Tanga, aliyeajiriwa kufundisha sekondari huku Marekani, alinipigia simu. Mkuu wa shule yake amemwomba asaidie timu ya futiboli ya Kimarekani. "Kaka, mimi najua kandanda tu. Nianzie wapi?" Tulizungumza mpaka chaji ikamwishia. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale niliyoyakumbuka baada ya simu kukatika.

Nafundisha hisabati hapa jimbo la Ohio, na huu ni mwaka wa 9 nikiwa kocha msaidizi. Nasimamia safu ya mbele, wale vijana 5 wazito wanaomlinda mwenye mpira na kumfungulia njia, lakini wenyewe karibu hawaugusi kabisa. Kwa asiyeujua mchezo: watu 11 kwa 11, na timu yenye mpira ina nafasi 4 za kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao.

Msimu wangu wa kwanza tulicheza mechi 10 za Ijumaa tukashinda 1. Hatukuwa wavivu. Tulikuwa na daftari la mbinu lenye kurasa zaidi ya 100, na tulijivunia unene wake. Shida ikaonekana uwanjani. Kijana wa miaka 15 amesimama mbele ya mpinzani wa kilo 110, amebakiwa na sekunde chache, na kichwani anapekua daftari. Anayepekua daftari hasukumi mtu. Mara nyingi nilimwona kijana wangu akigeuza shingo kumwangalia jirani yake ajue wanakwenda upande gani, na kabla hajarudisha macho mbele ameshaangushwa.

Kocha mkuu wetu ni mtu mzima mwenye heshima zake, na hakuona haya kukiri kosa. Desemba ile aliliweka daftari kabatini. Tukabaki na njia 6 za kukimbia na mpira na 4 za kuurusha, kila moja ikichezwa kulia na kushoto. Basi. Ushauri wangu wa kwanza ni huo: punguza, kisha punguza tena, mpaka kijana aliyechoka, tena kwenye mvua, aweze kufanya kazi yake bila kufikiri.

Ohio tuna bahati ya kuwa na mfano karibu. Paul Brown alifundisha timu ya sekondari ya mji wa Massillon kuanzia 1932 hadi 1940, na alipoteza mechi 8 tu kwa miaka yote hiyo. Baadaye ndiye aliyekuwa kocha wa kwanza wa Cleveland Browns, timu ya kulipwa ya hapa Ohio. Watu husimulia ushindi wake, lakini mimi navutiwa zaidi na alichofanya chini ya timu yenyewe. Shule za watoto wadogo za mji ule zilicheza mfumo uleule na kutumia majina yaleyale ya mbinu. Mtoto alipofika sekondari alikuwa tayari anajua lugha ya nyumba anayoingia.

Nasi tukaiga. Tulikwenda kwa makocha wanaofundisha watoto wa darasa la 7 na la 8 tukawaomba tukae pamoja. Hatukwenda kuwaamrisha, maana wengi wao ni wazazi wanaojitolea baada ya kazi. Tuliwapa karatasi moja tu yenye majina 10 ya mbinu. Matunda yake hayaonekani mwaka huo wala unaofuata. Ukiwa na haraka ya ushindi wa mwaka huu, utaiacha kazi hii, na kila Agosti utaanza upya.

Sasa Januari. Kuna baridi, theluji mpaka mlangoni, na mechi iko mbali miezi 7. Wakati huo ndipo timu inapojengwa, kwenye chumba cha vyuma. Mwaka wa kwanza waliitwa vijana 46, wakaja 14. Tulikasirika, tukasema hawa watoto hawana moyo. Kisha nikaamua kumuuliza mmoja mmoja. Wengi hawakuwa na usafiri. Basi la shule huondoka saa 9 alasiri, na aliyebaki kunyanyua vyuma anarudi nyumbani kwa miguu gizani. Wengine wanawachukua wadogo zao shuleni kwa sababu mama yuko zamu. Tukafungua chumba alfajiri pia, tukapanga magari ya makocha na wazazi, na kufikia Machi walikuwa wanakuja zaidi ya 30. Tafadhali, kabla hujamwita kijana mvivu, muulize anafikaje.

Mimi na kundi langu tulitumia majira hayo kwa jambo moja dogo. Nilibandika mikanda ya plastiki sakafuni, inchi 6 mbele ya kidole gumba cha kila mmoja. Hatua ya kwanza ya mtu wa safu ya mbele isivuke mkanda ule. Hatua ikiwa ndefu, mpinzani anamkuta mguu ukiwa bado hewani, na aliyesimama kwa mguu mmoja anasukumwa hata na mwepesi kuliko yeye. Hatua 50 kulia, 50 kushoto, kila siku ya mazoezi, hakuna mpira wala helmeti. Mwanzoni walilalamika. Ilipofika Aprili nikang'oa mikanda yote bila kuwaambia, nikakaa chini kwenye sakafu kutazama miguu yao. Ilitua palepale, mmoja baada ya mwingine. Siku ile nilijua tutashinda mechi, ingawa sikujua ngapi.

Agosti ndiyo sehemu ninayotaka uisome polepole. Korey Stringer, mzaliwa wa mji wa Warren, hapahapa Ohio, alikuwa mchezaji wa timu ya kulipwa ya Minnesota Vikings. Alifariki tarehe 1 Agosti 2001, akiwa na miaka 27, baada ya kuzidiwa na joto mazoezini. Kama joto liliweza kumchukua mtu kama yule, litamwacha mtoto wako wa darasa la 9 aliyeshinda kiangazi kizima chumbani? Mwili unahitaji kama wiki 2 kulizoea. Siku 2 za kwanza wavae helmeti tu. Kuanzia siku ya 3 hadi ya 5 ongeza pedi za mabega. Vifaa vyote visubiri siku ya 6. Maji yawe wazi muda wote, na yasitumiwe kama zawadi wala adhabu.

Weka pipa kubwa la maji ya barafu pembeni ya uwanja kabla filimbi ya kwanza haijapigwa. Kiangazi kimoja kijana wetu alianza kujibu maswali ovyo. Nilimuuliza leo ni siku gani, akanitajia jina la mbwa wake. Mtaalamu wetu wa afya ya wanamichezo hakubishana na mtu. Alimvua helmeti na pedi, tukambeba watatu na kumtumbukiza mpaka shingoni, mwenzetu akapiga simu ya ambulensi. Kanuni ni kumpoza kwanza hapohapo, ndipo asafirishwe. Kijana yule alipona, leo ni fundi umeme. Kama shule haina mtaalamu wala pipa, msianze mazoezi. Hilo sina mjadala nalo.

Kwa wazazi wetu wanaozungumza Kiswahili, nenda nyumbani kwao. Fomu zinazotumwa kwa Kiingereza husainiwa bila kusomwa. Mama mmoja kutoka Uvira, Kongo, alinikaribisha chai, akaiweka fomu mezani, akaniuliza: "Mwalimu, uniambie kweli. Mtoto akigongwa kichwa, mutamutoa hata kama munapoteza mechi?" Nilimwambia ndiyo, tutamtoa. Dalili yoyote ya mtikisiko wa ubongo, siku hiyo mchezo umekwisha kwake, na harudi bila ruhusa ya maandishi ya daktari. Ndiyo sheria, na ndiyo ahadi yangu. Oktoba mwanawe aligongwa, nikamtoa robo ya tatu tukiwa nyuma kwa pointi 4. Tulipoteza mechi ile. Mwaka uliofuata mama yule aliwaleta watoto wa majirani wawili kujiandikisha.

Mazoezi yenyewe yasizidi saa 2. Yakate vipande vya dakika 5, ratiba ibandikwe ukutani, honi ikilia kila mtu akimbie kituo kinachofuata. Kijana aliyesimama kwenye foleni hajifunzi. Video za mechi ni muhimu, ila usiwaonyeshe zaidi ya dakika 20 kwa siku, maana baada ya hapo wanalala macho wazi. Na fedha zikiwa chache, anza na helmeti, jezi mpya zisubiri.

Msimu wa 4 tulishinda mechi 8 kati ya 10. Daftari nene bado liko kabatini.

Mechi ya mwisho ikiisha, usiwaache watawanyike. Wiki hiyohiyo mimi hukaa na kila kijana wangu dakika 10. Namuuliza anaendeleaje darasani, nani yuko nyumbani jioni, anataka kuongeza nini. Naandika. Kisha tunazihesabu helmeti moja moja, tunatenga zenye ufa au sponji ya ndani iliyochakaa, zote zinapelekwa kukaguliwa. Kabla ya kufunga mlango nabandika karatasi tupu ya mahudhurio, juu yake tarehe ya Jumatatu ya kwanza shule ikifunguliwa. Mwaka jana nilikuta wanne wameshaandika majina yao kabla sijachomoa ufunguo.