Ucheshi wa Waingereza: anza na yule mwenye hoteli

Mkuu, umeuliza tunasifia nini kwenye tamthilia za Waingereza wakati wewe umeangalia mbili tatu ukasinzia: za kuchekesha hazichekeshi, za vita huoni vita. Nakuelewa. Mimi ni mtoto wa kibanda umiza, nimekua na Rambo na Van Damme, na Mwingereza pekee niliyemfahamu ni Mr. Bean, ambaye hata haongei.

Aliyenifungua macho ni baba yangu mdogo. Kahudumu mezani miaka mingi kwenye hoteli moja ya watalii. Siku moja nikamwekea Fawlty Towers, tamthilia ya kuchekesha ya Waingereza, sehemu ya kwanza kabisa, ya 1975. Basil (John Cleese) ana hoteli yake huko Torquay, mji wa pwani Uingereza, na kiu yake ni kupata wageni wenye hadhi. Anakuja kijana wa Kiingereza cha mtaani, Basil anamjibu kwa nyodo. Anaingia mwingine anayejiita Lord Melbury, Basil huyo huyo analainika kama uji. Muda wa chakula anaiinua familia iliyokwisha kaa meza ya dirishani ili bwana mkubwa apate nafasi.

Baba mdogo alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaniambia simamisha kwanza. "Hii tumeifanya sana. Bosi anakunong'oneza, hamisha wale, mheshimiwa kafika. Unabeba sahani za watu huku unatabasamu."

Tukaendelea. Lord kumbe tapeli, na lile begi alilompa Basil amtunzie vitu vya thamani lina matofali. Yule kijana aliyejibiwa vibaya ndiye askari kanzu aliyekuja kumnasa. Ila Manuel, mhudumu wa Basil kutoka Barcelona, Hispania, kila alipozabwa kofi baba mdogo alikaa kimya. Hakucheka hata mara moja.

Tangu hapo, kazi zao nyingi naziangalia kwa jicho hilo: nani anamnyenyekea nani, na nani anajifanya asichokuwa. Chukua Del Boy wa Only Fools and Horses, mchuuzi wa Peckham, mtaa wa London, mwenye kigari cha magurudumu matatu. Kuna sehemu ya 1989 amevaa kama vijana wa pesa mpya wa London, anaringa baa, anataka kuegemea kaunta kwa pozi. Mhudumu kashainua kile kipande cha kaunta cha kupitia. Del anadondoka mzima mzima kama gogo. Ukikiona kipande hicho peke yake WhatsApp, ni mtu kaanguka basi. Utamu uko kwenye zile dakika za kuringa kabla yake.

Sasa za vita. Nadhani uliyoikusudia ni Sharpe, ya Sean Bean, kuhusu askari wa Kiingereza kwenye vita dhidi ya Wafaransa wa Napoleon: filamu 14 za televisheni kati ya 1993 na 1997, halafu mbili baadaye. Hapo una haki yako, bajeti ilikuwa ya kubana. Kwenye filamu yao ya vita vya Waterloo, askari ni wachache hadi unaweza kuhesabu kofia. Lakini rudi mwanzo kabisa. Sharpe, akiwa bado sajini, anamwokoa jenerali wao Wellesley mikononi mwa wapanda farasi wa Kifaransa. Zawadi yake ni kupandishwa kuwa luteni, na Wellesley mwenyewe anamwambia waziwazi kwamba hapo analipa wema kwa ubaya. Enzi hizo cheo cha uofisa kiliweza kununuliwa kwa fedha (walikuja kufuta utaratibu huo 1871), kwa hiyo mtoto wa maskini akiingia meza ya maofisa anaonekana kama kachafua kitambaa. Na askari wa chini nao hawamtaki, kwa sababu si ofisa "halisi"! Harper, Muayalandi anayekuja kuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, wanaanza kwa kutwangana ngumi. Adui wa kweli mara nyingi ni ofisa wa upande wake mwenyewe, Mfaransa anakuja baadaye.

Nitapigwa mawe kwa hili: Mind Your Language, ambayo wengi humu mnaiabudu, mimi inanichosha. Darasa zima la wageni wanaojifunza Kiingereza, na mzaha ni lafudhi zao, wiki hadi wiki tangu 1977. Namkumbuka baba mdogo na Manuel.

Fawlty Towers ina sehemu 12 tu, wikiendi moja unamaliza. Ya Waterloo iache hadi uwe umeshampenda Sharpe, la sivyo utazima dakika ya kumi.