Maswali ya Wasomaji: Nembo na Mapambo ya Malori ya Zamani

Swali: Ninalo lori la miaka ya 1950 ambalo nembo ya boneti na herufi za ubavuni zimeota vipele vidogo vyenye unga mweupe. Nimezisugua kwa dawa ya kung'arishia kromu bila mafanikio, na sasa rafiki yangu ananishauri nizitumbukize katika asidi ya kuondolea kutu. Je, nifuate ushauri huo?

Jibu: Usiufuate, ndugu msomaji. Unga mweupe ni dalili kwamba nembo zako si za chuma, kwa kuwa chuma hutoa kutu nyekundu ilhali zinki hutoa unga kama huo unaouona. Nembo, herufi na vishikio vingi vya malori ya enzi hizo vilitengenezwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki iliyoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, kisha vikachovywa kwa umeme katika shaba, nikeli na mwishowe kromu. Asidi inayokula kutu ya chuma huila zinki kwa pupa kubwa zaidi. Itapenya katika kila ufa wa kromu, na utakachokitoa kwenye ndoo kinaweza kuwa kibaya kuliko ulichokitia.

Utando wa kromu unaouona kwenye mapambo ya gari kwa kawaida haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita kwa unene, na una vinyufa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Kinachozuia unyevu hasa ni nikeli iliyo chini yake. Mahali nikeli ilipo nyembamba, maji na chumvi hupita hadi kwenye zinki, na zinki inapooza huvimba, kwa sababu mabaki yake huchukua nafasi kubwa kuliko metali yenyewe. Hapo ndipo ganda la kromu huinuliwa na kuwa kipele. Chini ya kila kipele, basi, kuna shimo, na hakuna dawa ya kung'arishia inayoweza kurudisha metali iliyokwisha kuliwa.

Ikiwa lori lako ni la Marekani na ni la mwaka 1952 au karibu na hapo, usijilaumu sana kwa utunzaji. Wakati wa Vita vya Korea nikeli ilitengwa kwa matumizi ya kijeshi, na mapambo mengi ya kipindi hicho yalitoka kiwandani yakiwa na kinga hafifu.

Vipele vikiwa vichache, mimi ningeviacha. Osha nembo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, toa unga kwa kijiti cha mti, kausha kabisa, kisha paka nta. Vikiwa vimeenea, kazi ni ya fundi wa kuchovya metali, na umuulize mapema kama ana uzoefu wa zinki, maana si wote wanaoikubali. Atavua kromu na nikeli ya zamani, atachimba kila shimo hadi afikie metali safi, kisha atachovya shaba katika dawa isiyo na asidi. Baada ya hapo atajaza mashimo kwa risasi ya kulehemu inayoyeyuka kwa joto dogo, apige msasa, achovye shaba tena, apige msasa tena, na kuendelea hivyo hadi uso uwe laini. Nikeli na kromu huja mwisho. Gharama yote imo katika mikono hiyo inayorudiarudia, ndiyo maana herufi ndogo yenye mashimo mengi inaweza kugharimu kuliko kipande kikubwa kilicho safi. Piga picha za karibu kabla ya kuikabidhi, na umsihi fundi asitumie gurudumu la kung'arishia kwenye mistari myembamba, kwani kona zikishalainishwa nembo hupoteza sura yake hata ikimeremeta namna gani.

Usijaribu kuchovya kromu nyumbani. Aina ya kromiamu inayotumika katika dawa nyingi za kuchovyea husababisha saratani. Wala usiipashe nembo moto kwa bomba la gesi, kwa kuwa aloi nyingi za zinki huyeyuka kwenye nyuzi 380 hivi za Selsiasi na hazitoi onyo la kuwa nyekundu kabla ya kuporomoka.

Swali: Vipande virefu vya ubavuni havishikwi na sumaku. Vingine vimefifia, vingine vimebonyea. Je, vyote ni alumini?

Jibu: Sumaku peke yake haitoshi, kwa sababu chuma kisichoshika kutu kina aina zinazoshikwa na aina zisizoshikwa. Kipime mkononi, kisha ukwaruze upande wa nyuma kwa sindano. Alumini ni nyepesi na laini, ilhali chuma hukataa kukwaruzika.

Vilivyofifia yaelekea ni alumini iliyokuzwa utando mgumu wa oksidi kiwandani. Utando huo ukishachakaa, kung'arisha juu yake ni kazi bure. Huna budi kuuvua kwa magadi makali (kostiki soda, si magadi ya kupikia), nje penye hewa na mbali na moto, ukiwa umevaa glavu na miwani, na kuosha kipande mara tu utando unapotoka. Baadaye alumini itang'ara, lakini itafifia upesi usipoipaka nta au kuirudishia utando.

Vilivyobonyea, kama ni vya chuma kisichoshika kutu, ni bahati njema, kwa maana humo metali ni moja tangu juu hadi chini na hakuna ganda la kuharibu. Inua mbonyeo kutoka nyuma kwa nyundo ndogo, kwa mapigo mepesi, uso ukiwa umeegemea kipande cha chuma laini. Gusa kwa tupa ili kuona palipobaki juu na palipobaki chini, kisha panda ngazi za msasa: 320, 400, 600, 800, kabla ya gurudumu la kitambaa. Funga kipande kwenye ubao na uelekeze mzunguko utoke ukingoni, usiuingie. Gurudumu likidaka ncha, litakirusha kipande kwa nguvu ya kukuumiza.

Swali: Rangi nyekundu ya ndani ya nembo imebanduka. Je, naweza kuirudisha mwenyewe?

Jibu: Ikiwa ni rangi ya kawaida, ndiyo. Safisha vishimo vya kukaa rangi, tia rangi ya mafuta kwa brashi nyembamba au bomba la sindano, kisha futa iliyomwagika kwa kitambaa kilichokazwa juu ya kibao bapa, ili kisizame ndani. Ikiwa imevunjika kwa kingo kali kama kioo, hiyo ni enameli, yaani kioo cha rangi kilichochomwa tanuruni kwenye joto la nyuzi 800 hivi juu ya nembo ya shaba, si ya zinki, nayo hujazwa kwa epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya) yenye rangi.

Swali: Vijiti vya nyuma ya nembo vilikatika nilipokuwa naifungua. Nitaifungaje?

Jibu: Palipo na unene wa kutosha, toboa kwa keekee polepole, kata hesi (mistari ya kushika skrubu), na utie skrubu ndogo. Palipo pembamba, tumia epoksi. Tia nailoni au mpira mwembamba kati ya nembo na bodi, ili metali mbili zisigusane penye unyevu, na upake nta bodi iliyo nyuma yake kabla ya kukaza.