Gundi ya nzi itundikwe wapi?

SWALI: Mhariri, ninaendesha mgahawa mdogo wa chakula cha mchana hapa Tanga, na tangu msimu wa maembe uanze nzi wamezidi. Sipendi kupuliza dawa mahali penye chakula, kwa hiyo nilinunua karatasi za gundi kwa wamachinga, nikaweka moja juu ya kila meza na nyingine nikaitundika karibu na feni. Zinanasa nzi wachache, na baada ya siku tatu hazinati tena. Je, gundi ni mbovu au nimekosea mimi? (Mama lishe, Tanga)

JIBU: Dada, umefanya vyema kuepusha dawa na sufuria zako, na sidhani kwamba gundi yako ni mbovu. Kazi yake ni ileile ya ulimbo ambao watoto wa shamba hupaka kijitini ili kutegea ndege: haumfuati windo, bali humngoja pale ambapo angetua hata kama mtego usingekuwapo. Mezani nzi anafuata wali na mchuzi, na karatasi haiwezi kushindana navyo. Ingia mgahawani usiku, baada ya kufunga, umulike juu kwa tochi. Utawaona wametulia kwenye waya wa taa, kwenye kamba na kwenye kingo za boriti, kwa kuwa nzi hupenda kulala kwenye vitu vyembamba vinavyoning'inia. Penye vidoa vyeusi vingi vya kinyesi chao ndipo pa kutundika utepe, mradi pasiwe juu ya chakula wala juu ya meza ya kukatia mboga, maana nzi aliyenasa hutapatapa na anaweza kudondoka.

Feni nayo imekuponza. Upepo wake hurusha vumbi, na vumbi likishatanda juu ya gundi, nzi hutua na kuondoka salama. Mvuke na moshi wa kukaangia huleta hasara hiyohiyo. Sogeza mitego mbali na jiko.

Hata hivyo, ningekudanganya kama ningeishia hapo, kwa sababu gundi hunasa nzi aliyekwisha kuingia, ilhali wengine wanazaliwa nje. Jike mmoja hutaga mayai yapatayo 100 kwa mkupuo, hasa kwenye uchafu wenye unyevu kama ndoo ya maganda na kokwa za maembe. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja, na katika joto la pwani safari yote ya kutoka yai hadi nzi mzima yaweza kumalizika kwa siku 10 hivi. Ndiyo maana taka zako zinapaswa kuwa na kifuniko na kuondolewa angalau mara mbili kwa wiki, kabla funza hawajakomaa. Fagia pia udongo mkavu ulio chini na kando ya pipa, kwani funza aliyeshiba hutambaa kutoka kwenye taka na kujificha humo akawa pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kugeuka nzi.

Andika tarehe kwenye kila utepe mpya, kisha hesabu nzi walionasa kila siku. Wiki mbili baada ya usafi huo, hesabu ikiwa haijashuka, kuna mazalio mengine ambayo hujayaona. Anza kutafuta kwenye mtaro wa maji machafu na banda la kuku la jirani.

SWALI: Mjusi kafiri amenasa kwenye gundi ya nzi nyumbani kwangu na bado yu hai. Nimsaidieje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Usimvute, kwani ngozi yake ni laini na huchanika upesi. Mdondoshee mafuta ya kula pale alipogusana na gundi, ungoje dakika chache, kisha umbandue taratibu mguu mmoja baada ya mwingine kwa kijiti cha pamba. Baadaye tundika utepe katikati ya chumba, mbali na kuta anazopita, kwa sababu naye anakusaidia kula nzi.