Rais kuwasamehe wafuasi wake waliofungwa, ni huruma hiyo?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Nimebishana na kaka yangu, yeye anasema dini inapenda kusamehe kwahiyo rais akiwasamehe watu wake hakuna ubaya, katoa mfano wa Trump alivyowasamehe watu kama 1,500 wa lile tukio la 6 Januari 2021, wafuasi wake walipovamia bunge la Marekani, siku ileile alipoapishwa 2025. Roho yangu inakataa ila sina hoja. Na aliyesamehewa hivyo, dhambi imeisha?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Roho yako haijakosea. Katiba ya Marekani inamruhusu rais, sawa, lakini wewe unauliza dini. Mtu akikutukana ukamsamehe umetoa haki yako mwenyewe. Suratul Baqarah aya ya 178 inayempa nafasi ya kumsamehe muuaji ni ndugu wa marehemu, sio mtawala. Siku ile pale bungeni Washington polisi zaidi ya 100 waliumizwa, nani kawauliza wao?

Sasa msikilizishe kaka yako hii. Mwaka wa 8 Hijria Makka imefunguliwa, Mtume (s.a.w.) kawasamehe Makureshi waliompiga vita miaka yote ile na kumtoa kwao. Siku hizohizo mwanamke wa Bani Makhzum, ukoo mkubwa, kaiba, jamaa zake wakamtuma Usama bin Zayd akamwombee asiadhibiwe, maana walijua Mtume anampenda mno, Usama kafungua mdomo tu uso wa Mtume ukabadilika rangi, akamuuliza unamwombea mtu kwenye mipaka ya Allah, yaani adhabu aliyoiweka Yeye? Usama palepale akaomba aombewe msamaha. Kisha Mtume akasimama akasema waliotangulia waliangamia kwa kumwachia mkubwa akiiba na kumwadhibu mnyonge, na lau Fatima binti Muhammad angeiba angemkata mkono.

Umeona? Msamaha ulienda kwa maadui zake, mlango wa kujuana ndio ukafungwa. Wakubwa wa leo wameupindua huo mpangilio, na wala sio chama kimoja, Biden naye Desemba 2024 kamsamehe mwanawe Hunter baada ya kusema hatafanya.

Sisemi kila msamaha wa rais ni mbaya, mzee mgonjwa au aliyeonewa na mahakama kumtoa ni kheri kabisa. Jiulize tu, angekuwa mpinzani mwenye kosa lilelile, angetoka?

Kuhusu dhambi, karatasi ya rais inafungua geti la jela basi. Toba anaifanya mwenyewe, na haki ya mtu haifutiki mpaka airudishe au amwendee aliyemuumiza amwombe radhi, tena akiwa bado hai. Wallahu aalam.