Leso ya bibi na meza tano

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama idara za serikali ziunganishe taarifa zilizo nazo kuhusu raia, ili misaada iwafikie wanyonge wanaoachwa nyuma. Jibu langu ni ndiyo. Nimelifikia nikiwa nimekaa juu ya mkeka wa mtu, na lina sharti moja ambalo nitalieleza.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kaunti ya Kilifi, bara ya Malindi, mahali ambapo ukishuka kwenye matatu bado una safari ya bodaboda. Nina kaya zipatazo mia moja. Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua mpango wa wahudumu 100,000 nchi nzima na kutupa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia, sehemu kubwa ya kazi yangu ni kubisha hodi na kuuliza. Nani amezaliwa, nani ana mimba, nani anakohoa wiki ya tatu sasa, choo kiko wapi. Watu wangu wamenizoea, lakini wamechoka kuulizwa, kwa sababu mimi si wa kwanza wala wa mwisho. Huja wa bima ya afya ya SHA akauliza paa ni la nini, sakafu ni ya nini, maji wanachota wapi. Ukiingia ukame huja wa chakula cha msaada. Huja wa basari. Kila mmoja na fomu yake, na maswali ni yale yale.

Mwaka jana nilipiga hodi kwa bibi mmoja, hawe kama tunavyosema huku, anayelea wajukuu wawili. Binti yake, mama wa watoto hao, alifariki. Mjukuu mdogo hawezi kukaa wala kusimama, na umri wa kutembea umeshampita. Nilipomwambia nimekuja kuandika habari za nyumba, hakuniuliza kitu. Aliingia ndani akatoka na leso kuukuu iliyofungwa fundo, akaikunjua juu ya mkeka. Kibali cha mazishi ya binti yake. Kadi ya kliniki ya mtoto, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka. Kitambulisho chake mwenyewe. Fomu ya shule ya yule mkubwa, ina muhuri. Barua ya mzee wa kijiji. Na karatasi ya hospitali yenye maneno ya daktari kuhusu miguu ya mtoto. Hiyo hawezi kuisoma, lakini aliishika kwa ncha za vidole kama yai.

“Chukua unayoitaka, mwanangu,” akaniambia. “Wote huzitaka hizi hizi.”

Nilikaa pale nikazitazama karatasi zile kwa muda. Hospitali ilijua kwamba mama wa watoto amefariki. Naibu wa chifu naye alijua. Shule ilijua kwamba mkubwa ni yatima. Kliniki ilijua kwamba mdogo ana ulemavu. Ofisi ya vitambulisho ilijua bibi ni nani na ana miaka mingapi. Meza tano, na kila meza ina kipande. Hakuna iliyowahi kuviweka vipande hivyo pamoja ikasema: nyumba hii inahitaji msaada, twende.

Bibi aliwahi kwenda kuwaombea wajukuu pesa za kila mwezi. Ofisini aliambiwa alete nakala ya kitambulisho cha marehemu. Sasa, kila aliyezika mtu nchini Kenya anajua kwamba kifo kikiandikishwa, kitambulisho cha marehemu hurudishwa serikalini. Ndiyo sheria, na bibi aliifuata. Akasimama mbele ya meza anadaiwa karatasi ambayo serikali yenyewe ilikuwa imeichukua mikononi mwake. Alirudi nyumbani, akaenda tena na barua, akaambiwa barua haina muhuri, akaenda tena. Safari nne kwa jumla. Kila safari ni bodaboda mpaka lami, kisha matatu, kisha kurudi vivyo hivyo, na siku hiyo hasuki makuti, na mtoto asiyeweza kukaa anabaki kwa jirani.

Kwa hiyo tunapojadili kama taarifa ziunganishwe, tukubali kwanza kwamba zinaunganishwa kila siku. Anayeziunganisha ni bibi huyu, kwa miguu yake na nauli yake. Kazi hiyo tumemtwika mtu mwenye nguvu kidogo kuliko wote waliomo katika habari hii, naye akishindwa kuimaliza tunasema hakufuatilia.

Kifungu cha 43 cha Katiba yetu kinaitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu wao wenyewe na wanaowategemea. Mipango ipo. Inua Jamii inawalipa wazee waliotimiza miaka 70, kaya zinazolea yatima na watu wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Tangu 2016 ipo pia sajili moja kitaifa inayokusanya majina ya wanaonufaika na mipango mbalimbali na kuyalinganisha na rekodi za vitambulisho. Ni kazi nzuri. Lakini ilianza kwa hamu ya kumkamata anayelipwa mara mbili, na ingawa baadaye imepanuliwa ili iorodheshe pia kaya maskini zisizopokea kitu, bado naiona hamu ile ya kwanza katika maswali tunayotumwa kuuliza. Mimi ningetaka mashine hiyo hiyo iulizwe swali la pili kila mwezi. Ni mtoto gani ambaye kifo cha mzazi wake kimeandikishwa, na jina lake halipo kwenye orodha yoyote ya msaada? Ni mzee gani aliyetimiza miaka 70 wiki hii, na hakuna aliyemwambia?

Kwamba inawezekana, tumeshaona hapa hapa nchini. Katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, mpango wa kukabili njaa uliandikisha kaya kwa wingi na kuzifungulia akaunti, hata zile ambazo hazikuwa za kulipwa kila mara. Kisha orodha hiyo ikafungamanishwa na picha za setilaiti zinazoonyesha hali ya malisho. Majani yakikauka kupita kiwango kilichowekwa, kaya za ziada hutumiwa pesa. Malipo ya namna hiyo yalianza mwaka 2015. Mfugaji hakuandika barua wala hakupanga foleni kuthibitisha kwamba ng'ombe wake wanakonda. Serikali ilitazama majani, ikatazama orodha, ikatuma pesa. Nikifikiria jambo hilo moyo wangu hujaa. Kama tunaweza kuunganisha majani ya Marsabit na akaunti ya mfugaji, tunashindwaje kuunganisha kibali cha mazishi na mtoto wa marehemu?

Lakini nchi hii hii ina habari nyingine, nayo inaniuma. Garissa, karibu na kambi za Dadaab, wako Wakenya ambao wazazi wao waliwaandikisha kambini kama wakimbizi wakati wa ukame, ili wapate mgao wa chakula na matibabu. Walikuwa watoto. Alama za vidole vyao zikaingia katika rekodi za wakimbizi. Walipotimiza miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho, vidole vikalinganishwa, jibu likatoka: huyu ni mkimbizi. Baba ana kitambulisho cha Kenya, dada anacho, yeye hana. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, hufungui akaunti, huajiriwi, hupigi kura. Watu wa namna hiyo ni maelfu, na wengine wamesubiri mpaka wakapata watoto ambao nao kuwaandikisha ni taabu. Rekodi ziliunganishwa sawasawa. Mashine haikukosea kuhusu vidole. Ila haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mama mwenye njaa alifanya alichoweza.

Wala chanzo cha makosa kama hayo si umaskini wa vifaa. Australia, nchi tajiri, ililinganisha rekodi za kodi na rekodi za ruzuku ili kuwatafuta waliolipwa kupita kiasi. Kompyuta ilichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima, ikayagawa katika vipande 26 vilivyo sawa, kipande kwa kila majuma mawili, kana kwamba kibarua hupata kiasi kile kile mwaka mzima. Mtu aliyefanya kazi miezi mitano, akakosa kazi miezi saba na kupokea ruzuku kihalali katika miezi hiyo, akaonekana tapeli. Akatumiwa deni, na kazi ya kujitetea ikawa juu yake. Mwaka 2020 serikali ile ilikubali kurudisha dola za Australia milioni 721 kwa madeni yapatayo 470,000. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti Julai 2023, na mbele yake walisimama akina mama walioeleza jinsi watoto wao walivyojitoa uhai baada ya kudaiwa.

Ndipo linapokuja sharti langu. Rekodi mbili zikigongana, mtu asiadhibiwe. Anayepokea msaada aendelee kupokea, na ofisi itume mtu mlangoni kwake. Gharama ya kutafuta ukweli ibebwe na serikali, yenye magari na mishahara na sisi wahudumu vijijini. Sheria inatosha kuanzia. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamlinda mtu asiamuliwe jambo zito na mashine peke yake. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi uamuzi wa ofisi unapomdhuru. Sijawahi kuiona karatasi ya namna hiyo ndani ya leso ya mtu yeyote.

Nitoe mfano wa mgongano wenyewe. Kitambulisho cha bibi kinasema alizaliwa 1958. Yeye anazikumbuka mvua kubwa za 1961, zilizofurisha Mto Sabaki, na anakumbuka kwamba siku hizo alikuwa akitumwa maji na kumbeba mdogo wake mgongoni. Mtoto wa miaka mitatu hambebi mwenziwe. Mwaka ule uliandikwa kwa kukadiria, kama ilivyokuwa kwa wengi wa rika lake wasio na cheti cha kuzaliwa. Kwa hesabu yangu miaka 70 ameshaivuka. Kwa hesabu ya kadi atangoja mpaka 2028. Leo kosa hilo liko kwenye kadi moja. Tukiunganisha ofisi zote, litahamia kila ofisi, na kila ofisi italithibitisha kwa kumtazama mwenzake. Kwa hiyo kabla ya nyaya, pawepo mahali pa kusahihisha, na pawe karibu: kwa naibu wa chifu, mbele ya wazee waliomjua tangu usichana wake, bila nauli ya kwenda mjini.

Kuna na siri. Mimi najua mambo ya kaya mia moja. Najua nani anameza dawa kila siku, na ni binti gani aliyehamishiwa kwa shangazi na kwa nini. Kijijini karani ni jirani ya mtu na mzee wa kijiji ni shemeji ya mtu. Ndiyo maana sitaki taarifa zote zimwagwe kwenye kapu moja ambalo kila mwenye nywila analichungulia. Ofisi ya pesa za wazee haihitaji faili la mtu, inahitaji kuuliza ofisi ya vitambulisho, “Huyu ametimiza miaka 70?” na kujibiwa ndiyo au la. Estonia wanaendesha hivyo tangu 2001: kila idara inakaa na taarifa zake, nyingine inauliza kwa njia maalumu, na raia anaweza kuona nani alizitazama taarifa zake na lini. Sisi mwaka 2019 tulipanga foleni za Huduma Namba, namba moja ya kumtambulisha kila mtu katika ofisi zote za serikali. Mahakama Kuu ikasema Januari 2020 kwamba kazi ile haiwezi kuendelea bila sheria madhubuti za kulinda taarifa, na Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi zake kwa sababu athari kwa faragha za watu hazikupimwa kwanza. Waliokwenda mahakamani hawakuwa maadui wa maendeleo. Walitaka mlango uwe na kitasa kabla ya watu kuhamia ndani.

Simu niliyopewa ina sehemu ya kuandika mtoto ana joto kiasi gani na amepata chanjo zipi. Naomba iongezwe sehemu moja: hapa kuna mtoto yatima, hapa kuna mtoto mwenye ulemavu, na picha ya karatasi yake ni hii. Nikibonyeza, habari imfikie afisa wa watoto siku hiyo hiyo, naye anijibu kwa jina lake. Hilo moja lingempunguzia bibi safari tatu kati ya zile nne.

Pesa za wajukuu bado hazijaanza kuja. Kadi ya ulemavu ya yule mdogo inasubiri kamati ya tathmini hospitalini, na tarehe aliyopewa ni Jumanne ijayo. Nitakwenda naye. Mtoto nitambeba mimi. Leso ataibeba mwenyewe, amekataa kuniachia.

Msomaji wenu,
Kaunti ya Kilifi