Chotara wa German Shepherd anayekimbiza watoto

Dada, umesema chotara wako wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, hapo Jinja, anawakimbiza watoto na kuwabana visigino kwa meno. Mara nyingi huo si ukali, ni damu ya uchungaji; aina ya German Shepherd ilianzishwa Ujerumani mwaka 1899 kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo. Mchunguze: akiinamisha kichwa na kukaza macho, mwite hapo hapo kabla hajachomoka, umpe mukene (dagaa) mkavu uliokwisha kuoshwa mchanga. Tafadhali usimfunge mnyororo kutwa, atazidi kuharibika. Mtembeze asubuhi na jioni. Na kama hajachanjwa kichaa cha mbwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii hii, maana meno yanagusa watoto.